Ufuta wa Midomoni

Kama unasoma haya ukiwa umelala ubavu mmoja kwa sababu ubavu wa pili unakunyima pumzi, basi ni wewe niliyekukusudia. Mimi nililala hivyo kwa muda mrefu. Niliishia darasa la saba hapa hapa Kibiti, kwa hiyo usitegemee nikufundishe udaktari. Nitakueleza tu ilivyokuwa: mabenchi, foleni, mwili ulivyonigeuka, na sisi wa nyumbani tulivyofanyiana. Si habari ya kufurahisha, nakuambia mapema usije ukanilaumu. Lakini mimi nipo, na kuna mwingine yupo, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Nianze na vidoa. Kwa upande wa mama yangu, watu wa Mohoro, tunavyo. Ni vidogo, vyeusi kuliko ngozi, vimemwagika kwenye midomo na kuzunguka macho, kama mtu aliyekula ufuta akasahau kupangusa mdomo. Ndiyo maana tukaitwa watu wa ufuta. Wengine huzaliwa navyo, wengine huzaliwa safi vikaja kujitokeza wameshaanza shule. Hatukuona ubaya wowote. Mdogo wangu Siwatu alikuwa navyo mpaka kwenye kope, na vijana wa stendi walikuwa wakisema Mungu alimrembesha mwenyewe, hakutaka kumwachia fundi.

Na kwetu kuna jambo jingine. Mtu akifa kijana, mtoto anayezaliwa baada yake hupewa jina lake, na watu husema amerudi. Toka siku hiyo hutakiwi tena kumtaja yule wa mwanzo kuwa amekufa. Ukisema amekufa, unamfukuza mtoto. Mimi niliitwa Salehe kwa ajili ya mjomba, na Siwatu aliitwa kwa ajili ya mama yetu mkubwa. Nilijua jina nimelipokea kwa mtu, lakini alikufaje sikujua, na sikuwahi kuuliza. Utamuulizaje mtu habari za kifo chako mwenyewe?

Ugonjwa ulinianza msimu wa korosho. Nilikuwa nauza mitumba stendi ya Kibiti. Ulikuwa wakati ule ruhusa ya biashara imeshatoka serikalini, kila mtu mfanyabiashara: aliyekuwa na kibatari mwaka jana mwaka huu ana jenereta, na anayelala njaa naye ana duka, hata kama ni la sigara za rejareja. Mimi nilikuwa na ndoto ya kufungua banda la video. Nilishachagua rangi ya mapazia na nani atakaa mlangoni. Siku hiyo nilikuwa nakimbilia basi la Lindi na furushi la jinzi begani, dunia ikazimwa kama taa. Nilipozinduka nilikuwa nimelala juu ya jinzi zangu na makondakta wamenizunguka.

"Salehe, umeamua kujaribu godoro?" mmoja akaniuliza.

"Halifai," nikamwambia. "Lina vifungo."

Tukacheka wote. Ndivyo nilivyokuwa, mtu wa kucheka. Kikohozi kikaja baadaye, kikafuatwa na homa, halafu nikaanza kukonda. Zahanati wakanipa dawa za malaria. Zilipokwisha wakanipa tena. Vuli ikapita. Kisha wakasema ni kifua kikuu, nikapigwa sindano mpaka nikawa nakaa upande upande kama kuku anayeatamia. Mkanda wangu nilikuwa nautoboa matundu mapya kwa msumari, na kila tundu nikasema hili ndilo la mwisho. Stendi pale watu wakaanza kuzishika suruali zangu za kuuza kwa ncha za vidole. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Huyo keshakanyaga miwaya." Siku zile ukikonda, watu hawakuwa na ugonjwa mwingine wa kukufikiria ila ukimwi.

Lilikuwepo jambo moja nililolijua mimi peke yangu. Nikiketi wima, pumzi inakatika. Nikilala ubavu wa kulia, inarudi. Wagonjwa wengine huwa kinyume chake. Nesi alikuwa akiniinua niegemee ukuta ili nipumue vizuri, mimi nateleza taratibu narudi chini, naye ananitazama kama mtu anayemkebehi.

Mama akachoka na sindano. Baba alishahamia Dar siku nyingi na kuoa huko, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wa mama peke yake, akaamua kunipeleka kwa mganga kule ndani ya delta, ukitokea Nyamisati. Tulikaa gatini asubuhi nzima kusubiri mashua, mimi nimelala juu ya marundo ya boriti za mikoko, mama ananipepea kwa khanga. Mganga alisema nina pepo wa majini, na pepo lazima apungwe. Sasa, kupungwa ni kuketi. Unawekwa kwenye kigoda, mgongo wima, shuka kichwani, ubani chini ya pua, ngoma mbele yako. Mimi kuketi ndiko kulikokuwa kunaniua. Nilizimia ngoma ya kwanza haijachanganya. Wanawake wakapiga vigelegele, kwa kuwa mgonjwa akianguka ndiyo pepo kapanda. Wakaniketisha tena. Nikaanguka tena. Vigelegele vikazidi. Kabla sijapoteza fahamu nilimwona mama akilia kwa furaha.

Aliyeniokoa ni mpiga ngoma mmoja, jitu la miraba minne. Nilimnong'oneza anilaze ubavu wa kulia. Akanibeba kama mzigo wa majani, akanilaza, akanifunika.

"Pepo wako mvivu," akaniambia. "Anataka kulala tu."

Sitamsahau mtu yule mpaka nife.

Masika ilipoanza, asubuhi moja kikombe cha chai kilinidondoka. Nikakiokota kikadondoka tena. Mkono wa kushoto ulikuwa umenisusa, na mama akasema mdomo umekwenda upande. Ulirudi baada ya siku chache, lakini safari hii mama hakungoja. Tukapanda basi kwenda hospitali kubwa Dar.

Hospitali ile ina ukumbi wenye mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya watu. Unafika kabla ya jua, unakuta mabenchi yameshajaa. Nilijifunza kulala chini, kichwa mapajani kwa mama, miguu imepita chini ya benchi la mbele, na watu wakaniruka wakipita. Kulikuwa na mama mmoja wa Kisarawe, alikuwa akituachia mkeka wake kila akiitwa dirishani. Hatukujua ugonjwa wake, naye hakujua wetu. Baadaye hatukumwona tena.

Siku ya kipimo nikaingizwa chumba cha giza, nikapakwa mafuta ya baridi kifuani, na daktari akanipitishia kidude huku akitazama kioo kama cha televisheni. Alikuwa dada kijana, pengine ananizidi miaka michache tu. Akawaita wenzake, wakaja wakajaa mlangoni. Mimi nikageuza shingo nione. Ndani ya moyo wangu kulikuwa na kitu cheupe, kinaingia na kutoka mlangoni mwa chumba cha moyo, kinaingia na kutoka, kama mtu asiyejua kama amealikwa.

"Huyu akiketi, kinaziba mlango," daktari akawaambia wenzake. Nilitaka kumbusu mkono. Alikuwa wa kwanza kujua.

Kisha akamgeukia mama. "Mama, shikamoo tena. Katika ukoo wenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Kuanguka tu, akafa?"

"Hakuna, mwanangu," mama akasema.

"Ndugu zako? Wazazi?"

"Wote wapo."

Na mama hakuwa anadanganya. Kwetu hilo ndilo jibu. Salehe yupo, si huyu hapa kitandani? Siwatu yupo, kabaki nyumbani anaangalia kuku. Daktari akaandika kwamba hakuna, mimi nikavaa shati.

Sitakuchosha na kusubiri kwenda India. Serikali ilinipeleka, lakini kabla ya hapo mpunga ulivunwa, ufuta ukavunwa, korosho zikaanza kuanguka tena, na mimi nimelala ubavu ule ule. Kifua walikipasua katikati. Walisema kile kitu kilikuwa kama yai la bata, laini kama kamasi. Nilipozinduka nilidhani tembo ameketi juu yangu. Kukohoa kulikuwa adhabu, na muuguzi mmoja mfupi sana, hatusikilizani lugha hata neno, alinifundisha kukumbatia mto kila kikohozi kikinijia. Akikohoa mtu wa kitanda cha jirani naye hukimbilia mto wake, tukawa tunatazamana tumekumbatia mito kama wanawali wanaofundwa. Ilikuwa inauma na ilikuwa inachekesha, siwezi kuvitenganisha.

Daktari aliyenipasua alikuja siku moja akanishika mdomo kwa kidole, akavitazama vidoa, akauliza jambo. Nilishika neno moja tu, la familia, ambalo tulifundishwa shuleni. Nikamjibu kwa vidole: mama, dada, mjomba. Akawaita wenzake, kama yule dada wa Dar alivyofanya.

Nilirudi Dar nimenona, najisikia mtu. Yule daktari kijana alikuwa ameshasoma ripoti yangu.

"Salehe, keti," akasema, na mimi nikaketi, wima, kwa raha zangu. "Hiki kitu hukukiokota popote. Umezaliwa nacho. Mwilini kuna maandishi tunayorithi kwa wazazi, wanaita jeni. Kuna moja kazi yake ni kushika breki, ili mwili usiote vitu ovyo. Kwenu hiyo imekatika. Wataalamu wa nje wameigundua juzijuzi tu, hata jina la maana haina, ni herufi na tarakimu kama namba ya gari."

"Kwa hiyo mimi ni gari lisilo na breki," nikasema.

Hakucheka. "Vile vidoa ndiyo dalili yake. Aliye nayo anaweza kumpa mtoto au asimpe, ni kama kurusha shilingi. Nani mwingine ana vidoa?"

"Mama. Mjomba Bakari wa Mohoro. Na mdogo wangu Siwatu."

"Waje wote wapimwe. Upesi, Salehe. Hasa mdogo wako."

Nilirudi Kibiti na maneno hayo nikiona nimebeba zawadi. Nilimkuta mama uani anapepeta mchele. Siwatu alinipokea mlangoni, akanifungua vifungo vya shati bila kuomba ruhusa.

"Kaka, wamekutia zipu," akasema. "Siku nikikukasirikia naifungua nakutoa utumbo."

"Utumbo haukai huko."

"Basi chochote nitakachokikuta."

Nilingoja mpaka ameenda kisimani, nikamwambia mama.

"Siwatu anaumwa?" mama akauliza.

"Haumwi. Ndiyo maana wanataka apimwe sasa."

"Mtu mzima wa afya akapimwe nini?"

"Kile kilichokuwa kwangu kiko kwenye damu, mama. Daktari anataka kujua waliokufa."

Aliacha kupepeta, ungo ukabaki hewani. "Nilimjibu. Wote wapo."

"Mama, yule Salehe wa kwanza..."

"Wewe ndiye Salehe. Hakuna wa kwanza." Akaweka ungo chini taratibu. "Mwanangu, umerudi kwangu leo tu. Usianze kujitimua kwa mdomo wako mwenyewe. Na mwenzio ameshaposwa, wakwe zetu wa Mohoro wameshapokelewa. Wakisikia anapelekwa kupimwa moyo, watasema tumewauzia nini?"

Hakunisemesha siku nzima. Si kwamba hakumpenda Siwatu, nataka ulielewe hilo. Alikuwa amewaweka watu wake hai kwa mdomo, mmoja mmoja, miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa nimekuja kumwambia awaachie.

Nilimweleza Siwatu mwenyewe. Akasikiliza, akajipangusa midomo kwa kiganja kama anayejaribu kuvitoa, akatazama kiganja. "Mama akisema niende nitakwenda," akasema. "Asiposema, mume wangu atanipeleka. Yule Hamisi ni mpole, utaona." Nikaona. Aliolewa baada ya mavuno, akavuka mto pale Ndundu kwa pantoni, kitambaa chekundu kichwani, akitupungia mikono yote miwili. Hamisi kweli alikuwa mpole. Lakini huko ukweni Mohoro wazee ndio waliokuwa wakiamua, na kabla miezi haijapita Siwatu alikuwa mjamzito, na mjamzito akihema nani atashangaa?

Masika iliyofuata tukaletewa habari kwamba mjomba Bakari amefariki. Alikuwa juu ya dungu lake shambani anaamia ndege wasile mpunga, akashuka ngazi kwenda kula, hakufika chini kwa miguu.

Tulipofika Mohoro nyumba imejaa. Siwatu alikuwa ameketi pembeni ya wanawake, tumbo mbele, anahema kwa mdomo. Nikamwona akiteleza taratibu kwenye mkeka, akalalia ubavu. Ubavu wa kulia.

Sasa, kwenye msiba wa kwetu watani ndio wenye kazi. Wao huchimba kaburi, huchota maji, na wao pekee wana ruhusa ya kucheza na maiti na wafiwa, na hutakiwi kukasirika. Mtani wa ukoo wetu ni Bi Sikudhani, mwanamke mwembamba, sauti yake kama bati. Jeneza lilipokuwa linataka kutoka, akalala kifudifudi mlangoni, njia ikaziba. Akageuza uso. Alikuwa amejibandika punje za ufuta midomoni, na nyingine kwenye kope.

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi.

"Nami leo ni mtu wa ufuta," akasema. "Mnipende. Mnioe. Halafu nife, mniite."

"Inuka, mtani, tumechelewa," mzee mmoja akamwambia.

"Mnachelewa wapi? Huyu Bakari si atarudi? Mnamzika wa nini? Mwekeni hapo kwenye kivuli, mtoto akizaliwa mumwamshe." Kicheko tena. "Nyie mnanitumikisha bure. Nilimchimbia Salehe wa shambani, mkaniambia yupo. Nikamchimbia Siwatu wa kinuni, yupo. Baba yenu aliyefia msikitini amesujudu, naye yupo. Kama wapo wote, waje wanisaidie kuchimba. Mgongo wangu umekwisha."

Kicheko kikaanza kupungua, kama mvua inavyoacha upande mmoja wa kijiji kwanza. Bi Sikudhani akaketi, akageukia wanawake, akamnyooshea Siwatu kidole.

"Na huyu anayelala kwenye msiba wa mjomba wake, anahema kama perege kwenye tope. Huyu nimchimbie lini? Semeni sasa, nikanoe jembe."

Hakuna aliyecheka. Sikumtazama Siwatu, nilimtazama mama. Alikuwa amesimama. Alipita katikati ya wanawake, akafika alipo Bi Sikudhani, nikadhani atampiga. Akainama akambandua zile punje za ufuta, moja moja, kope na midomo, kama anavyofutwa mtoto mchafu. Bi Sikudhani alimwachia afanye. Machozi yalikuwa yanamtoka mtani wetu.

Siku ya tatu, khitma imekwisha, mama akaniambia, "Mwambie Hamisi tunamchukua mwenziwe."

Mto ulikuwa umejaa, pantoni imefungwa. Tulikaa Ndundu juu ya mizigo yetu, magari yamepanga foleni nyuma yetu mpaka kwenye kona, na mbele yetu nguzo za daraja jipya zimesimama majini bila daraja. Siwatu alilala kwenye turubai. Hapo ndipo mama aliponiambia, macho yake yako kwenye maji.

"Salehe alikuwa kaka yangu. Tulikuwa tunapalilia mpunga. Akaniambia, Tatu, nipe maji. Nikaenda." Akalifuata kwa macho gogo lililokuwa likipita majini. "Nikarudi na maji."

Akaendelea.

"Siwatu aliangukia kinuni. Baba alisujudu. Na kaka mwingine, huyo hamkumjua, Bi Sikudhani naye hakumjua, alifia mgongoni kwa mama, mdogo bado." Akapangusa pua kwa ncha ya khanga. "Nilidhani nikisema wapo, watakuwepo."

"Mama," Siwatu akasema kutoka chini, macho amefumba, "mimi nipo. Sisikii vizuri tu, semeni kwa sauti."

Dar, ukumbi ule ule, mabenchi yale yale. Daktari alipouliza, mama alimjibu kwa majina yote na kila mmoja alivyoanguka, na daktari akaandika mpaka mkono ukachoka. Kisha chumba cha giza. Niliruhusiwa kusimama karibu. Kitu cha Siwatu kilikuwa kikubwa kuliko changu na hakikuwa cha mviringo. Kilikuwa na vinyuzi vinavyopepea.

Daktari alitutoa nje kutuambia. Kumpasua na mimba ile hawakuweza, wangewapoteza wote wawili. Ilibidi kungoja mtoto azaliwe, Siwatu apate nguvu kidogo, ndipo asafirishwe India. Angekuja kabla ya mimba, akasema, halafu akakatisha, kwa sababu mama alikuwa anasikiliza. Kwa kukatisha pale namshukuru mpaka leo.

Siwatu alilazwa. Niliazima mto wodini nikamfundisha kuukumbatia, ili akipasuliwa awe anajua. Alikuwa akiukumbatia na kunilegezea macho, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo, ufuta umebaki mwingi kuliko uso. Hamisi alikuja kila alipopata usafiri, akiketi ukingoni mwa kitanda akimkanda miguu.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, analia kwa nguvu. Siwatu alimshika, akamkagua midomo kwa mwanga wa dirisha.

"Safi," akaniambia. "Kaka, huyu safi."

Nikamwambia ndiyo. Nilijua vinaweza kuja baadaye, naye alijua.

Siku chache baadaye, asubuhi, alikuwa anamnyonyesha. Mama alikuwa amekwenda kufua nepi, mimi nilikuwa namenya chungwa. Siwatu akasema, "Mshike." Nikadhani amechoka mkono. Nikamshika mtoto, na nilipoinua macho mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, kama wangu ulivyokwenda, ila wangu ulirudi. Waliniambia kipande kimekatika kikapanda kichwani. Alikaa hivyo mpaka adhuhuri.

Tulimzika Kibiti. Bi Sikudhani alivuka mto kuja kuchimba, na safari hii hakusema neno lolote.

Siku ya saba ya mtoto iliangukia msibani. Nywele zikanyolewa, ubani ukafukizwa, na mtoto akawekwa kwenye mapaja ya shangazi yake mama, bibi kizee aliyetokea Mohoro, ambaye ndiye hutaja majina kwetu. Nyumba nzima ilijua atasema nini. Wanawake walishafungua midomo kupokea kwa vigelegele.

"Siwatu amerudi," bibi akasema.

"Hajarudi," mama akasema.

Bibi akamtazama kama hakusikia.

"Siwatu amekufa," mama akasema. "Nimemwosha mimi, nimemvika sanda mimi. Moyo ndio uliomuua, na nilichelewa kumpeleka. Mtoto huyu ni mwingine. Jina lake Farida. Kwetu hapajawahi kuwa na Farida, hata mmoja."

Aliponyoosha mikono kumchukua mtoto, bibi alimshikilia kidogo, kisha akamwachia. Hakuna aliyepiga kigelegele. Hamisi, kule mlangoni, aliinamisha kichwa akasema, "Amina."

Daraja limeshafunguliwa, unavuka umelala usingizi kwenye basi. Farida anakaa nasi, na kila mwaka mvua zikikatika tunapanda basi mimi, mama na yeye kwenda kwenye kile chumba cha giza, kwa sababu kitu hiki kinaweza kuota tena hata kikikatwa. Changu bado hakijarudi. Cha mama wanakiangalia tu, ni kidogo. Moyo wa Farida ni msafi. Mwaka huu ametokewa na kidoa kimoja, kwenye mdomo wa chini. Mama alikiona asubuhi akimpa uji. Akaendelea kumpa uji.

Safari hii ya mwisho, kwenye mabenchi, dada mmoja aliketi karibu nasi na mwanawe wa kiume. Mtoto alitaka kulala chini, mama yake akawa anamwinua, aketi vizuri, watu wanamwona. Akimwinua anakohoa. Ushungi wa yule dada ulishuka kidogo, nikaona midomo yake, naye akauvuta upesi.

Nikajisogeza. Nikamwambia, "Dada, mwache alale ubavu wa kulia. Mkeka huu hapa."

Akamlaza. Mtoto akashusha pumzi, kikohozi kikakata. Yule dada alinitazama, halafu akamtazama mama yangu, vidoa vyake, na vyangu, na kile kimoja cha Farida.

Mama akamshika mkono. "Kwenu," akamuuliza taratibu, "nani amekufa?"